Mashimo ya Sirikwa shambani kwetu: nichimbe, nipime, au nimwache baba alime?

*"Salamu, daktari. Shamba letu liko upande wa Moiben, Uasin Gishu, mahali pa juu penye baridi na nyasi fupi. Katika kipande cha ekari nne ambacho hakijawahi kulimwa kuna mashimo kumi na moja ya mviringo, mapana, mengine yamezungushiwa mawe. Marehemu babu alituambia ni nyumba za Wasirikwa waliokuwa wakiishi chini ya ardhi. Baba amestaafu na anataka kukodisha trekta asawazishe hapo apande ngano kabla ya mvua. Jirani anasema tukitangaza kuwa kuna mambo ya kale, serikali itachukua shamba. Mwaka jana alikuja mtu na mashine ya kutafuta madini akidai kuna dhahabu. Mimi nataka angalau tujue ni nini kabla hayajapotea. Je, naweza kuchimba shimo moja na wadogo zangu tuone kilichomo? Na nikitaka kuyapima na kuyachora, nianzie wapi?"*

Asante kwa kuuliza kabla trekta haijaingia. Watu wengi huuliza wakati udongo umeshageuzwa, na hapo kinachobaki ni pole. Kwa ufupi unataka kujua mambo matatu: mashimo haya ni nini, ufanyeje kabla hayajatoweka, na kama baba yako atapoteza ardhi kwa sababu umefungua mdomo. Nitayajibu yote. Ila kuna neno moja nakuomba ulishike hata ukisahau mengine yote: usichimbe, pima. Mashimo ya aina hii yanasema mengi yakiwa bado yamefunikwa na nyasi, na sehemu kubwa ya maneno hayo hupotea siku jembe la kwanza linapozama.

Nianze na babu yako. Hakukosea kuyahusisha na Wasirikwa. Ndilo jina ambalo wazee wa Kikalenjin wamelitumia vizazi na vizazi kwa watu wa kale wa nyanda hizi. Alipokosea, pamoja na watu wengi wenye vyeti vikubwa, ni kusema watu walilala ndani yake. Walowezi waliofika Uasin Gishu mwanzoni mwa karne ya 20 waliyaona mashimo haya kila mahali kwenye nyika na wakayaita nyumba za chini ya ardhi. Mwaka 1933 Huntingford, mtafiti aliyewajua Wanandi vizuri, alienda mbali zaidi: aliandika juu ya ustaarabu wa kale aliouita wa Azania, kana kwamba kazi ya mawe nchini Kenya ilihitaji wajenzi wengine tofauti na mababu wa watu waliokuwa wakiishi hapo. Dhana hiyo haisimami tena. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Merrick Posnansky akachimba Lanet mwishoni mwa miaka ya 1950. Kisha katika miaka ya 1960 John Sutton akazunguka nyanda za juu za magharibi akiorodhesha na kupima mashimo haya, na akachimba Chemagel, karibu na Sotik. Kilichojitokeza ni kwamba ndani ya shimo hamkuwa na nyumba. Nyumba zilikuwa nje, zimeegemea ukingo. Shimo lenyewe lilikuwa zizi.

Ukielewa zizi hilo lilivyofanya kazi, utaweza kulisoma shamba lako bila kugusa udongo, kwa hiyo nivumilie nikueleze polepole. Mfugaji alichagua mteremko wa wastani. Alikata ardhi kuelekea upande wa juu, na udongo aliotoa akaurundika kando na upande wa chini, ukawa ukingo. Palipokuwa na mawe alijengea kuta kwa ndani, jiwe juu ya jiwe bila kuunganisha kwa chochote, ili udongo usiporomoke. Pasipo na mawe aliacha udongo mtupu, na huenda alitumia miti. Mlango ulikuwa mmoja, mwembamba, nao ulitazama chini ya mteremko. Nyumba ya mwenye ng'ombe ilijengwa kwa nje ikishikana na ukingo, na aliyetaka kuifikia alipitia zizini. Usiku, mwizi wa mifugo hakuwa na njia nyingine: alipaswa kupita mlango huo mmoja, mbele ya masikio ya wenye nyumba.

Sasa fikiria mvua ya Uasin Gishu, ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Zizi lililozama hugeuka tope na samadi. Lazima lisafishwe mara kwa mara, na mahali pekee pa kutolea uchafu ni mlangoni. Kwa hiyo nje ya mlango, kwa upande mmoja au chini yake, lilikua jaa: lundo la samadi, udongo, majivu, mifupa ya nyama iliyoliwa na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Kila usafishaji uliondoka na udongo kidogo wa sakafuni pia, hivyo zizi lilizidi kuzama na jaa lilizidi kuinuka. Ndiyo sababu leo unaona vitu viwili vinavyokwenda pamoja, bakuli na kilima kidogo mbele yake. Wengi huliona bakuli tu. Jaa hulipita wakidhani ni kichuguu cha zamani.

Kuna kosa jingine ambalo hata wanafunzi wangu hulifanya, nalo linahusu hesabu. Mashimo kumi na moja hayana maana ya familia kumi na moja zilizoishi pamoja kama kijiji. Zizi likishakuwa bovu, kuta zimeporomoka na jaa limeziba mlango, mwenyewe alichimba jingine hatua chache pembeni. Kundi la mashimo kumi na moja linaweza kuwa kazi ya familia mbili au tatu waliokaa hapo kwa vizazi kadhaa. Yapo makundi yasiyofika kumi na yapo yanayozidi mia moja. Bila kujua lipi lilitangulia lipi, idadi peke yake haituambii watu walikuwa wangapi. Hapa ndipo kipimo chako kinapoweza kusaidia kweli, nami nitarudi hapo.

Umri wake? Kwa ujumla tunazungumzia kati ya mwaka 1200 na miaka ya 1700. Mtindo huu uliachwa wakati ufugaji wenyewe ulipobadilika, na uvamizi wa mifugo ulipokuwa wa makundi makubwa ya vijana wapiganaji. Zizi la mtu mmoja mmoja halikuweza tena kumlinda mwenyewe. Wasirikwa hawakuyeyuka hewani. Koo kadhaa za Wakalenjin na za Wamasai zina masimulizi kwamba zilitoka kwao. Naomba tu uwe na uangalifu hapo: jina la Sirikwa limeshabebeshwa madai ya ardhi mahakamani katika eneo hilo hilo lenu, na shimo la karne ya 15 si hati miliki ya mtu yeyote wa leo. Ukiandika habari zake, andika ulichokiona na ulichosimuliwa, basi.

Kuhusu dhahabu, jibu ni hapana. Waliokaa hapo walikuwa wafugaji, na utajiri wao ulikuwa na kwato. Kwenye mashimo yaliyochimbwa kitaalamu, kitu kinachotoka kwa wingi ni mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na vigae vya vyungu, vingine vikiwa na alama za kamba iliyosokotwa na kuviringishwa kwenye udongo mbichi kabla ya kuchomwa. Yule mtu wa mashine akirudi, mwambieni aende zake. Atatoboa majaa na sakafu za nyumba akifuata kila mlio, apate msumari wa gari la ng'ombe la walowezi au kifuniko cha soda, halafu awaachieni matundu. Tena kutafuta vitu vya kale bila leseni, iwe kwa kuchimba au kwa kupekua juu ya ardhi, ni kosa kisheria nchini Kenya, hata kama mwenye shamba amemruhusu.

Na hapo pia ndipo penye jibu la swali lako la kuchimba na wadogo zako. Najua hamu hiyo, na sitaki uione kama jambo la aibu. Lakini tazama kinachotokea. Tabaka la samadi ya kale, tabaka la majivu, tabaka la udongo uliosombwa na mvua baada ya zizi kuachwa: mpangilio wao ndio ushahidi. Mkaa mmoja mdogo ukitolewa katika tabaka linalojulikana unaweza kupimwa kwa radiokaboni ukatupa umri wa zizi. Mkaa ule ule ukiwa kwenye ndoo, haujulikani ulitoka sentimita ngapi chini, hauna kazi. Tabaka likishavunjwa halirudishwi. Isitoshe, kwa kuchimba shimo moja ungejifunza kidogo juu ya zizi moja, ilhali kwa kupima ekari nne utajifunza jinsi mazizi yote kumi na moja yalivyohusiana, na hilo ndilo tusilolijua vya kutosha kuhusu sehemu kubwa ya nyanda zenu.

Basi tupime. Wakati mzuri ni kiangazi, Januari na Februari, nyasi zikiwa zimeliwa na mifugo. Usichome nyasi ili uone vizuri. Moto huharibu vigae na mifupa iliyo juu juu. Nenda jua likiwa chini, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Jua la utosini hufuta kila kitu, na watu wengi waliotembelea maeneo haya saa sita mchana wameapa kwamba hakuna la kuona. Asubuhi, ukingo wa sentimita kumi na tano tu hutupa kivuli unachoweza kukifuata kwa macho.

Tembea shamba lote kabla hujapima hata shimo moja. Ekari nne ni kama mraba wenye mita 127 kila upande. Mkitembea kwa mistari iliyoachana mita tano, haizidi mistari ishirini na sita. Wewe na wadogo zako mkijipanga sambamba, asubuhi moja inatosha. Beba vigingi, na kila unapoona kina, mwinuko, mstari wa mawe au mahali nyasi zimebadilika rangi, kita kigingi. Nyasi ni shahidi mzuri sana. Samadi huacha fosfeti na nitrojeni ambazo hukaa ardhini muda mrefu kupita kiasi: utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ulioongozwa na Fiona Marshall katika maboma ya kale kusini-magharibi mwa Kenya, ulikuta udongo wa mazizi yaliyoachwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita bado una rutuba kuliko nyika inayoyazunguka. Kwa hiyo kiangazi kikikaza, mahali panapobaki kijani baada ya pengine kukauka panastahili kigingi hata kama ni tambarare. Usishangae kumi na moja yakawa kumi na manne.

Baada ya hapo hesabu vigingi na uvipe namba. Sasa unahitaji mstari wa msingi: kamba iliyokazwa kati ya vigingi viwili imara, pembeni ya kundi zima, ikiwa na alama kila mita kumi. Kila shimo utalipima kwa kutoka kwenye kamba hiyo kwa pembe mraba. Fundi yeyote wa ujenzi atakuonyesha tatu-nne-tano ikiwa umeisahau: pembetatu yenye mita tatu, nne na tano hukupa pembe mraba bila kifaa chochote. Chora kwenye daftari la miraba, sentimita moja ikisimama badala ya mita mbili au tano kutegemea ukubwa wa kundi. Usitegemee simu kwa mchoro huu. Ramani ya simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mazizi mawili yaliyo jirani yameachana mita hizo hizo. Itakubandikia moja juu ya jingine. Simu itumie kuchukua sehemu lilipo kundi zima duniani, na nukta moja katikati ya kila shimo ukishasimama hapo dakika moja au mbili ili itulie.

Kwa kila shimo, andika kipenyo mara mbili, kufuata mteremko na kuukata mteremko. Mengi yana kipenyo cha kati ya mita 10 na 20. Andika kina chake kwa sasa, ukijua kwamba kina cha asili kilikuwa kikubwa zaidi, maana udongo umeshajaa. Andika mlango unatazama upande gani wa dira, jaa liko kulia au kushoto kwa mlango na lina ukubwa gani, mawe yako upande upi na mangapi yamesimama mahali pake. Kisha zunguka ukingo kwa nje polepole ukitafuta mahali palipobapa, pa mviringo, padogo, palipogusana na zizi. Hapo ndipo nyumba ilikuwa. Ni kitu hafifu kuliko vyote na ndicho chenye thamani kuliko vyote.

Mashimo matatu au manne yaliyo bora yachoree pia umbo la ubavuni. Funga uzi wa fundi kutoka ukingo wa juu, upite katikati ya shimo, utoke mlangoni hadi ng'ambo ya jaa. Weka pima maji katikati uhakikishe uzi umelala sawa, halafu kila baada ya nusu mita pima umbali kutoka kwenye uzi hadi ardhini. Ukiunganisha nukta hizo kwenye daftari utaona zizi likiwa limekatwa nusu, kana kwamba umelichimba, na hujagusa kitu.

Sasa lile jambo la kujua lipi lilitangulia. Tazama mahali ambapo shimo moja na jaa la jingine vinakutana. Jaa la namba nne likiwa limemwagikia ukingo wa namba tatu na kuufunika, basi namba tatu lilikuwa limeshaachwa wakati namba nne linatumika. Hakuna anayemwaga samadi kwenye ukuta wa zizi linalolala ng'ombe wake. Ukingo wa namba saba ukiwa umekata jaa la namba sita, namba saba ni la baadaye. Andika kila mgusano wa namna hii na upige picha zake kwa jua la asubuhi. Hata ukipata minne tu, umeshaanza kuandika historia ya familia ile ikihama hatua kwa hatua juu ya mteremko, na kazi hiyo mtu wa mbali mwenye picha za setilaiti hawezi kuifanya. Picha zenyewe zitumie kwa kazi zinayoiweza: fungua Google Earth, rudi nyuma hadi picha za kiangazi, utazame mashamba ya jirani yaliyokwisha kulimwa. Mara nyingi duara hubaki kama rangi tofauti kwenye udongo hata baada ya shimo kusawazishwa. Idara ya upimaji ya serikali kule Ruaraka, Nairobi, pia hutunza picha za angani za miongo iliyopita.

Vigae ukiviona juu ya ardhi, viache hapo. Piga picha kigae kikiwa na rula kando yake, andika kiko karibu na namba ngapi, uendelee. Vile ambavyo watoto wa nyumbani wameshaviokota, weka kwenye mfuko mmoja mmoja na karatasi inayosema nani aliokota na wapi. Na waulize wazee wa jirani, huku ukiandika nani amesema nini na yeye aliambiwa na nani. Usiwaongoze kwa swali lenye jibu ndani yake. "Hapa paliitwaje?" ni bora kuliko "Hapa waliishi Wasirikwa, sivyo?"

Uwe tayari pia kukuta kwamba si kila shimo ni la Sirikwa. Machimbo ya murram hayana jaa na kuta zake zimekatwa wima. Josho la walowezi lina saruji. Shimo la kupasulia mbao ni refu na jembamba, na muhanga huacha tundu lenye udongo mbele yake lakini halifiki mita kumi. Vitu vitatu vikienda pamoja, yaani bakuli pana, mlango wa upande wa chini na jaa kando ya mlango, huna sababu ya kusitasita.

Nije kwa baba yako, maana yeye ndiye mwenye shamba na ana haja ya kweli. Simwoni kama adui wa historia. Mstaafu mwenye ekari nne zisizozalisha ana haki ya kuuliza zitamletea nini, na sitamdanganya kwamba watalii watakuja. Hyrax Hill iko kando ya barabara kuu ya kuingia Nakuru, ina makumbusho, na ilitangazwa kumbukumbu ya taifa tangu 1943. Thimlich Ohinga kule Migori, iliyoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, ina kuta za mawe, nyingine zikizidi kimo cha mtu mara mbili. Mashimo kumi na moja nyuma ya nyumba hayatafanya hivyo. Mwambie ukweli huo, atakusikiliza kwa mengine.

Mengine ni haya. Kusawazisha mashimo yenye kina cha mita moja au mbili kunahitaji mashine ya kukwangua, si plau ya kawaida, na mashine hiyo italeta juu udongo wa chini usio na rutuba pamoja na mawe. Tukikadiria zizi moja na jaa lake kuwa mita 20 kwa 25, yote kumi na moja yanachukua kama ekari moja na nusu. Zinabaki ekari mbili na nusu. Swali halisi basi linahusu ekari moja na nusu ya ngano dhidi ya ekari moja na nusu ya malisho ambayo tayari yana nyasi nzuri kuliko shamba zima kwa sababu ya samadi ya miaka mia kadhaa. Mimi ningeliacha kundi zima liwe malisho, na mita kumi kulizunguka zisilimwe. Ng'ombe na kondoo hawadhuru sana wakiwa wachache. Mikaratusi na miti mingine ya mbao msipande hapo: mizizi hupenya matabaka yote, na siku ya kung'oa visiki ndiyo siku ya kufukua sakafu.

Ikiwa baba amekataa kabisa na atalima, elewa kinachoharibika ili uokoe kinachookoleka. Watu hudhani hatari ni kufukia shimo. La, sakafu ya zizi iliyofukiwa kwa udongo inaweza kubaki salama chini yake. Kinachokufa kwanza ni majaa na sehemu za nyumba zilizo kati ya mashimo, kwa sababu ziko sentimita chache tu chini ya nyasi, na plau hushuka sentimita ishirini hadi thelathini. Mpitisho mmoja unazimaliza. Kwa hiyo mwombe akuachie angalau mashimo matatu yaliyokaribiana pamoja na nafasi iliyo kati yao, badala ya kukuachia moja moja yaliyotawanyika, na mpime yote kabla ya siku ya trekta.

Hofu ya jirani nimeisikia mara nyingi, na imeharibu mambo ya kale mengi kuliko ngano. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu au mahali pa kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, akieleza mahali na namna alivyogundua. Kutoa taarifa hakubadilishi jina kwenye hati ya ardhi. Kutangaza mahali kuwa kumbukumbu inayolindwa ni hatua nyingine, hufanywa kwa notisi katika Gazeti Rasmi la serikali, na wenye nia wana nafasi ya kupinga. Ni kweli kwamba pakitangazwa, matumizi ya sehemu hiyo yanaweza kuwekewa masharti. Baba akiona karatasi yoyote ya namna hiyo, amwone wakili kabla ya kutia sahihi. Na vitu vya kale vilivyomo ardhini, vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1895, kisheria ni mali ya serikali. Hivyo kuuza kigae au shanga kutoka shambani kwenu ni kujitafutia kesi.

Makumbusho ya Taifa yana tawi Kitale, upande wenu. Peleka nakala ya mchoro wako na picha, baki na asili, na uombe wakuandikie kwamba wamepokea. Lakini yapo mambo ambayo usisubiri kumaliza mchoro. Mkiona mifupa ya binadamu, au hata mkiishuku tu, acheni kila kitu kilivyo, mpigie chifu na polisi kwanza, halafu makumbusho. Mkisikia barabara, bwawa au laini ya umeme inapita hapo, uliza ripoti ya tathmini ya mazingira na udai mwanaakiolojia aje kabla ya mashine. Mkikuta mtu ameshachimba usiku, msifukie tundu lake. Lipigeni picha, mlifunike kwa turubai na muite wataalamu, kwa sababu kuta za tundu hilo zinaweza kuonyesha matabaka. Na ukitaka kujua umri kamili wa mazizi yenu, hilo ni la mtu mwenye leseni na maabara, akishirikiana na ninyi hapo hapo shambani.

Kama mvua iko karibu na huna muda wa yote niliyoyaeleza, fuata mpangilio huu: kwanza vigingi na namba, kisha mchoro mmoja wa kundi zima kutoka kwenye kamba ya msingi, kisha migusano ya majaa na kingo pamoja na picha zake za asubuhi. Maumbo ya ubavuni, wazee na picha za Ruaraka vinaweza kungoja hadi baada ya mavuno. Migusano haiwezi kungoja trekta.